Kaseti ya Nyayo za Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka. Magoti hayajaamka. Baridi yabisi ni mpangaji asiyejua kuhama.

Kliniki. Daktari wa viungo, binti mwembamba mwenye sauti ya jemadari, amesema dawa nimeze, lakini kukaa kutwa kwenye benchi la kutengenezea redio ndiko kunakoyagandisha magoti. Nishuke ngazi hadi getini na kupanda, kila siku, polepole. Nikichoka nipumzike kwenye kona. Goti likivimba nilipumzishe, likitulia nirudi ngazini. Nimeuliza kama hakuna sindano ya kazi hiyo. Hakuna.

Nyumbani, pigo. Mke wangu amesema kaka yake anakuja Jumapili. Nisipoweza kushuka na kupanda kwa miguu yangu, tunahamia kwake, ghorofa ya chini, chumba cha uani. Chumba hicho hakina dirisha. Benchi langu halienei, na redio humo hazishiki stesheni hata moja. Tena shemeji ni mtu wa kukushauri hata unavyotafuna. Kule sitakufa kwa magoti. Nitakufa kwa nasaha.

Kwa hiyo lazima nishuke. Au nisikike nikishuka. Mke wangu asubuhi huwa jikoni, hanioni, na mimi ni fundi wa sauti.

Jumanne, 4 Machi

Mwalimu mstaafu, mama jirani yetu wa ghorofa ya juu, ana ugonjwa huuhuu, na wake ni mkongwe kuliko wangu. Vidole vimepinda kama tangawizi. Kila asubuhi anashuka na kupanda. Daktari hamalizi sentensi bila kumtaja. Simpendi sana.

Leo nimemnasa. Redio kaseti yangu kubwa nyuma ya ndoo mlangoni, kaseti tupu ndani, kitufe chekundu. Ameshuka, amerudi, hakushuku kitu.

Kisha nikakaa kusikiliza kama imetoka vizuri. Fimbo: ko. Mguu. Mguu wa pili unaburutwa. Pumzi. Halafu kimya, kimya kirefu, nikadhani utepe umekwama. Halafu sauti ndogo, akiyaambia magoti yake: “Haya, wanangu. Bado kidogo.” Na ko, tena.

Nimetengeneza redio maisha yangu yote. Zimenipitia hotuba, mipira na vita. Sijapata kusikia jambo kubwa kama lile. Nywele zilinisimama. Nimerudia na kurudia mpaka chai ikapoa.

Kaseti safi kabisa. Kesho tunadanganya.

Jumatano, 5 Machi

Nimeiwasha mlangoni, nimekaa kwenye kigoda. Mke wangu akauliza kutoka jikoni mbona nashuka na sifiki mbali.

Aibu! Kosa la mwanafunzi: redio hii hunasa ya mbali na ya karibu kwa ukubwa mmoja. Sauti inayoondoka lazima ififie. Ikabidi niibebe redio nishuke nayo kidato kwa kidato. Ina uzito wa mbuzi mdogo. Mwalimu akipumzika kwenye kaseti, nami napumzika, vinginevyo sauti haiendi na mahali. Magoti yalilia njia nzima. Getini nikakumbuka kwamba sauti lazima pia irudi. Nikapanda nayo.

Mke wangu amesema nimejitahidi, Baba Watoto. Ameamini! Na sijafanya zoezi hata moja.

Alhamisi, 6 Machi

Tena hadi getini. Mke wangu ameuliza tangu lini nayaita magoti yangu wanangu, tena kwa sauti ya kike. Nimemwambia ni mafua. Amekubali. Mwanamke hana hila hata kidogo, namwonea huruma.

Jambo la ajabu. Leo nimevaa soksi bila kumwita mtu. Nimeitazama miguu yangu muda mrefu, kama ya mtu mwingine. Nadhani ni hali ya hewa.

Ijumaa, 7 Machi

Goti la kushoto limevimba. Nimelipumzisha. Maumivu yamelala nami kitandani, na kitanda ni chembamba. Nimeogopa. Kila nikifumba macho naona kile chumba kisicho na dirisha, na shemeji ameketi ndani anaanza, “Mimi ningekuwa wewe...”

Jioni nimefungua redio. Betri mpya. Sikumbuki kuziweka. Maajabu hayaishi.

Jumamosi, 8 Machi

Goti limetulia. Nimeshuka na redio, na kwenye kona ya pili nikakutana na Mwalimu uso kwa uso, fimbo mkononi. Fimbo yake nyingine ikilia ndani ya redio.

Nilitamani ukuta unimeze. Yeye akainua kidole ninyamaze. Akasikiliza mpaka mwisho, mpaka mlango wake ulipofungwa kwenye kaseti. Sikujua niangalie wapi.

Akasema kila siku akiwa katikati ya ngazi huona kwamba leo hatafika. Na hii ni mara ya kwanza kujisikia akifika.

Akaomba nimrudishie mwanzo. Tukasikiliza tena, tumekaa kidatoni kama watoto waliofukuzwa darasani.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja. Amesisitiza kushuka nami bega kwa bega, kwa hiyo redio imebaki ndani, nikashika fimbo tu. Nilihisi niko uchi.

Katikati mguu ukagoma. Shemeji akaanza, yeye angekuwa mimi angehama jana. Nikanong'ona: “Haya, wanangu. Bado kidogo.” Mguu ukaenda. Naandika haya na bado siamini. Niliuambia, ukaenda!

Getini nikainua macho. Dirisha langu, na antena yangu imechomoza kama sharubu. Sikuwa nimelitazama kutoka chini kwa miaka. Lilivyo juu! Na mimi ndiko ninakoishi.

Nikapanda. Shemeji, ambaye nyumba yake haina ngazi, alibaki kwenye kona ya kwanza, vifungo wazi, akitafuta pumzi. Nasaha zilikuwa zimekwisha. Nikamrudia nikamwachia fimbo yangu, kwa heshima zote.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Amesema hatuhami, kisha akageuka haraka kwenda kutazama sufuria jikoni, na jikoni hakukuwa na sufuria motoni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelifikiria jambo hili kitaalamu. Wiki nzima sijafanya zoezi lolote, na magoti yamepata nafuu. Basi kilichoniponya ni kaseti. Sikio linasikia, goti linapona.

Nitatoa nakala kwa wagonjwa wa kliniki. Mwalimu ameridhia, ingawa alicheka mpaka akashika ukuta. Karatasi ya maelezo nimeiandika mwenyewe: “Tiba ya Kusikiliza. Mazoezi hayahitajiki. Matumizi: beba redio, shuka nayo ngazi hadi chini, panda nayo. Kila siku.”

Daktari wa viungo ameisoma mara mbili. Amesema hajawahi kuona dawa kama hii, na kwamba kila mgonjwa wake ataipata.

Nilijua tangu mwanzo. Mazoezi ni upuuzi.