Maswali ya Mnyonge

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Mwalimu anaachia flashi.

Ametangaza leo kwenye kundi letu la simu. Anahamia kwa binti yake, na binti amesema wazi kwamba hataki kuona nyaya kwenye meza ya chakula. Kwa hiyo Chama cha Kompyuta kitapata Mtunza mpya wa flashi Jumamosi ya wiki ijayo. Atachaguliwa yule aliyewasaidia wenzake zaidi.

Niandike hapa flashi yenyewe ni kitu gani, vizazi vijavyo visije vikababaika. Ni ndogo, nyeusi, ina kamba nyekundu. Ndani yake mna programu ndogo ndogo zote tulizokusanya miaka na miaka: ya kupima joto la mashine, ya kufufua mafaili yaliyofutwa, ya kubadilisha majina ya picha chungu nzima kwa mkupuo mmoja. Mtunza huivaa shingoni mkutanoni. Mwenye shida humwendea yeye. Akiongea, watu huacha kutafuna.

Nikiongea mimi, watu hutazama vikombe vyao. Yote kwa sababu ya jambo dogo. Nilimshauri Mama Karatasi, mwenye duka la vifaa vya ofisi tunakokutania, akaushe kibodi yake kwa mashine ya kukaushia nywele. Nilisema hewa ya baridi. Nina hakika nilisema. Herufi mbili zikayeyuka. Mbili tu! Tangu siku hiyo hakuna aliyefuata ushauri wangu, wala aliyeniambia yale maneno matamu kuliko yote chamani kwetu: asante, imekubali.

Nataka kuyasikia. Na nataka flashi.

Mpinzani wangu ni Daktari wa Meno. Huchungulia ndani ya kompyuta za watu kwa kile kioo chake cha kuchungulia magego. Majidai matupu.

Nimekaa mezani kwangu, kando ya dirisha lenye pazia la bata, nikafikiri mpaka chai ikapoa. (Bata wenyewe wamesimama kichwa chini. Mke wangu alishona, mimi nilishika kitambaa wakati wa kukata. Chama kilipokuja kututembelea kilicheka mpaka machozi. Nimewasamehe.)

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Anayesubiri shida za watu atazeeka. Shida nitazitengeneza mwenyewe.

Nimeitoa simu yangu ya zamani kabatini, nimeitia laini mpya, nimejiunga na kundi kwa jina la Mnyonge. Mtu mpole, mgeni wa kompyuta, kajaa maswali. Na nani atamjibu? Mimi!

Swali la kwanza: kompyuta ya Mnyonge ikizimwa inasahau tarehe. Jibu ninalo. Ile betri ndogo ya saa iliyo ndani imekwisha nguvu. Nikatuma swali, nikaenda kutafuta miwani ili nijibu kwa ufasaha. Kurudi, nakuta Daktari keshanipiga bao. Tena na picha, betri kaishika kwa koleo ya kung'olea meno!

Ikabidi Mnyonge amshukuru. Nimemlea mwenyewe, ana adabu. Iliniuma sana.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu mpya. Jibu naliandika mapema. Simu mbili mkononi, swali huku, jibu kule, kufumba na kufumbua. Nilifanyia kazini, stoo ya rangi, nyuma ya makopo makubwa. Bosi alidhani nahesabu mzigo.

Swali: Mnyonge ana picha nyingi za harusi ya binamu yake, atazibadilishaje majina zote pamoja? Jibu: programu iliyomo kwenye flashi yetu, na hatua zake zote, zimepangwa vizuri kabisa.

Mambo yalikwenda sawa, ila jibu lilitangulia swali. Kidole gumba kilikosea simu. Baadaye Mama Karatasi akaandika kwamba kweli leo nimekuwa mwepesi kuliko siku zote.

Sifa yangu ya kwanza tangu mambo ya kibodi! Nimemwonyesha mke wangu. Ameisoma, akaniuliza kama nimekula.

Alhamisi, 6 Machi

Swali la leo ni la picha. Picha huvuta huruma.

Kompyuta yangu ina mwaka mzima inanguruma kama mashine ya kusaga nafaka. Nikaifungua ubavu, nikaipiga picha pale pale mezani, Mnyonge akauliza kelele hizi ni za nini. Safari hii swali lilitangulia, jibu likafuata. Nikaeleza kwa masikitiko kwamba diski inakata roho, ahamishe mafaili yake haraka, pole sana ndugu yangu. Jibu zuri. Lilikuwa na uzito.

Daktari akaikuza ile picha. Akasema diski haina neno. Kuna waya umelegea unagusa feni, na vumbi limejaa kama blanketi. Mnyonge azime mashine, aufunge waya pembeni, ashike feni kwa kidole isizunguke, apanguse kwa brashi laini.

Nikafanya hivyo hivyo kwa siri, makusudi, nimuumbue. Nikawasha. Kimya! Mke wangu akatoka jikoni kuuliza kama umeme umekatika.

Nilikasirika. Kisha nikakaa nikasikiliza ule ukimya, na naandika ukweli, ulikuwa mtamu. Nimesikia ndege nje kwa mara ya kwanza mwaka huu. Mnyonge akamshukuru Daktari, na safari hii alimaanisha.

Daktari akaongeza kwamba Mnyonge ana pazia zuri, nani kamshonea? Mnyonge akajibu ni kapera, kalinunua. Mtu wa meno na mapazia wapi na wapi?

Jumamosi, 8 Machi

Mkutano. Chumba cha nyuma cha duka, katikati ya marundo ya karatasi kama kawaida. Nilidhani watazungumzia majibu yangu. Walizungumzia Mnyonge.

Mnyonge hivi, Mnyonge vile! Mwalimu alisema ni miaka hajaona mtu anayeuliza vizuri namna ile. Mama Karatasi alisema amemweka Mnyonge moyoni mwake, maskini, peke yake na kompyuta mbovu. Wakaniuliza mimi anaishi wapi, maana naonekana kumjua. Nikasema mbali kidogo, ana haya, hapendi wageni.

Basi wakamchangia. Mwalimu katoa kipanya chake cha akiba. Mama Karatasi katoa kibodi. Nikakabidhiwa nimpelekee. Nimeifungua nyumbani: ni ile ile, na herufi zake mbili zilizoyeyuka!

Tulipoagana Daktari aliniomba nimsalimie Mnyonge, na bata wake pia. Wenye kazi ya meno wana utani wa ajabu.

Jumatatu, 10 Machi

Naona wivu. Sioni aibu kusema. Namwonea wivu Mnyonge.

Jana aliuliza namna ya kuondoa mafaili yanayojirudia. Mwalimu akamwandikia somo zima. Mama Karatasi akaijaribu programu hiyo dukani kwake, kompyuta yake ikapumua, na akamshukuru nani? Mnyonge, kwa kuuliza! Mimi nimeuliza maswali tangu nizaliwe, sijashukuriwa hata siku moja.

Nimeamua kumharibia jina. Leo ameuliza swali la kijinga kuliko yote niliyoweza kuyatunga: je, kipanya kisicho na waya kinafanya kazi kikiwa chumba cha pili? Nikangoja acheke kila mtu. Hakuna aliyecheka. Wawili wakasema hata wao walikuwa wakitaka kujua. Daktari kaenda kujaribu mwenyewe kliniki, kumbe inategemea ukuta. Jioni nzima imekuwa ya kupimana kuta. Imekuwa jioni nzuri, lakini si hoja.

Jumatano, 12 Machi

Leo kumezuka balaa dukani.

Nilikuwa stoo, nyuma ya makopo, namwandalia Mnyonge swali la kesho. Ghafla Mama Karatasi akatuma sauti kwenye kundi. Sauti yenyewe ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. Kamwaga chai ya maziwa juu ya kompyuta yake mpakato, ile yenye kazi zote za wateja, na kitabu kizima cha mtu anayekuja kukichukua Ijumaa. Afanye nini? Jamani, afanye nini?

Daktari alikuwa ndani ya kinywa cha mtu. Mwalimu alikuwa amelala.

Wala sikuwaza flashi. Niliandika tu, vidole vikikimbia. Zima sasa hivi, usingoje ifunge mafaili. Chomoa chaji. Toa betri kama inatoka. Ifungue na uigeuze kifudifudi, isimame kama hema juu ya taulo, chai itoke ilikoingilia. Usiitikise. Usiiwashe kuona kama imepona, hata roho ikikuuma, mpaka keshokutwa. Na mashine ya kukaushia nywele ISISOGEE KARIBU!

Haya yote nayajua. Baada ya ile kibodi nilisoma kila kilichoandikwa duniani kuhusu kompyuta na maji. Nilikuwa sijapata wa kumwambia.

Nikatuma. Nikavuta pumzi. Ndipo nikaona ni simu gani iliyo mkononi.

Ya zamani! Jibu bora la maisha yangu, na limetoka kwa Mnyonge!

Ijumaa, 14 Machi

Mama Karatasi kawasha asubuhi. Imewaka. Kazi zote zipo, kitabu kipo, mwenye kitabu kakichukua. Kaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa: ASANTE MNYONGE, IMEKUBALI!

Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Nimemsomea mke wangu. Nikamwambia Mnyonge hajui bahati aliyo nayo. Akanikatia kipande cha pili cha keki. Sikuomba.

Jumamosi, 15 Machi

Uchaguzi. Nilivaa shati la bluu, shingo ionekane.

Daktari ndiye aliyesimama kwanza. Nilijua atajitaja. Akamtaja Mnyonge! Mama Karatasi akaunga mkono kabla hajamaliza. Mwalimu akauliza kama kuna mwingine. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Mwalimu akaniletea maji.

Mikono yote juu. Na wangu pia, ningefanyaje? Mtu hawezi kumpinga Mnyonge, anaonekana hana utu.

Kisha Mwalimu akasema kwa kuwa mwenyewe ana haya, flashi nimpelekee mimi. Akaivua shingoni kwake. Nikanyoosha mkono. Hakunipa mkononi. Akanivisha, akairekebisha kamba mpaka ikalala sawa. Watu wakapiga makofi, tena marefu kuliko wanavyopigiwa wabeba mizigo. Nikawakumbusha kwamba mimi napeleka tu. Daktari akasema wanaelewa kabisa.

Mwalimu akaniomba nimfikishie Mnyonge kwamba ushauri wa Jumatano ulikuwa wa mtu anayejua, na aendelee vivyo hivyo, bila kushindana na mtu. Nikasema nitamwambia. Mama Karatasi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nimwambie pia kwamba imekubali. Akanitazama machoni wakati anasema.

Nilifurahi. Sijui kwa nini, maana nimeshindwa, lakini nilifurahi kupita kiasi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu, flashi ikinigonga kifuani.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka na flashi shingoni. Mke wangu hakushangaa.

Wakati wa chai akanipa habari. Daktari alimpigia simu jana. Alianza kwa shemeji hujambo, shemeji hamjambo, kisha akauliza kama kitambaa cha bata kilibaki, maana kila mwanachama sasa anataka pazia kama la Mnyonge, na lazima bata wawe kichwa chini. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mume wangu, dunia nzima hakuna nyumba nyingine yenye pazia kama hili.

Nikaweka kikombe. Nikafikiri sana.

Ni kweli! Hakuna nyumba nyingine! Kumbe Mnyonge alikuwa hatarini siku zote hizi! Angekuwapo chamani mtu mmoja tu mwenye macho, tungekwisha. Tumeponea chupuchupu. Nimemwambia mke wangu hivyo. Akacheka tena. Ana moyo mwepesi, nashukuru.

Sasa hatua zinazofuata. Mnyonge hawezi kubaki Mtunza, kwa kuwa ana haya, na flashi ni lazima ivaliwe mkutanoni. Anatakiwa kumwachia mtu anayemwamini. Lakini akinitaja mwenyewe tu, watanong'ona. Anahitaji shahidi. Nimetia laini ya tatu. Karibu kundini, Dada Yake Mnyonge! Mwanamke makini, mwenye kompyuta inayozimika ovyo. Kesho atauliza swali, nami nitamjibu vizuri mno, na yeye atawaambia wote kwamba kaka yake hunisifu kutwa.

Picha sitapiga tena mezani kwangu. Mtu hujifunza! Nitaihamishia kompyuta jikoni. Kule hakuna pazia wala bata. Kuna kalenda ya chama tu ukutani, na mimi nimo katikati yake, nimetabasamu vizuri.