Mlango Una Kitasa

Jumatatu, 12 Agosti

Kitale baridi. Kibandani wameingia wateja wawili tu, redio mbili, zote nimezifufua. Moja ilikuwa imekufa tangu mwenyewe aoe. Mimi Wakoli! Fundi niliyewahi kunasa stesheni ya Japani kwa uma na kifuniko cha sufuria. Shule niliacha darasa la sita, na si kwa ujinga. Walimu walikuwa wameishiwa.

Jioni nikavuka barabara kwa Hamdun, jirani yangu wa chai na mahamri hapa karibu na msikiti. TV yake ndiyo kubwa kuliko zote mtaa huu wa Bondeni, na nani aliyemfungia? Tunafuata ile sinema ya mfululizo ya meli inayotembea kwenye nyota. Leo nusura nivunje kikombe! Fundi wa meli amefungiwa chumbani, hewa inamwishia. Nahodha ana mashine ya kurusha watu: unasimama hapa, unayeyuka, unatokea kule. Lakini mashine imeishiwa nguvu. Basi nahodha na watu wake wote wamesimama nje ya mlango wakingoja mashine ipate chaji. Mlango una kitasa! Nimekiona kwa macho haya! Nikapiga kelele mpaka wanywa chai wakageuka: fungua kitasa, wewe! Hakufungua. Fundi akafa. Wakamwimbia.

Nikamwambia Hamdun hawa watu wamepewa vyombo, akili hawakupewa. Una mashine ya kurusha watu, halafu kila safari unaenda kwa miguu mpaka mdomoni mwa jitu. Na nahodha akipigiwa simu anaiweka ukutani, kubwa, kila mtu aone, hata hajui nani anapiga na nani amekaa ndani. Ningekuwa mimi, sinema hii ingeisha siku ya kwanza, chai haijapoa.

Hamdun hupenda kunipinga. Akasema si ujinga, ni woga. Ati nahodha aliogopa atakachokuta nyuma ya mlango, akaona afadhali ahangaike na mashine. Nikamuuliza mambo ya nyota alisomea wapi. Akacheka, akanifutia meza.

Mke wangu Nasambu amepiga simu kutoka kwao Kamukuywa. Alienda kumuuguza mama yake. Mama sasa ni wa kulala tu, hata uji anaumeza kwa shida. Mama anauliza jambo moja tu, la ile hadithi yangu: yule fahali alirudi?

Jumanne, 13 Agosti

Niliandike hili vizuri, nisije nikalisahau nikizeeka. Kwetu Bukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Hamkai nyumba moja, hamshikani mkono, hata jina lake silitaji hapa. Ni heshima. Sasa miaka hii yote nikienda Kamukuywa nawekewa kiti nje, nyuma ya jiko. Yeye yuko ndani karibu na moto. Katikati yetu ukuta wa udongo. Nami natoa hadithi! Yeye hasemi kitu. Hugonga ukuta kwa mwiko: endelea. Nikifika penye utamu, nasikia kicheko chake, kile cha kuzibwa na leso. Watu wengi wamenisikia nikiongea. Hapa Kitale husikia huku wakitafuta funguo zao. Yule mama alikuwa anasikiliza.

Mara ya mwisho nilimwanzia ile ya fahali wangu aliyevuka mto pale Lwakhakha akaingia Uganda, na mimi nimeshika mkia. Mvua ikatukatiza. Na mwisho wake nilikuwa bado sijautunga. Sijaukumbuka, nilitaka kuandika.

Nasambu anasema nije kesho asubuhi. Kutoka hapa hadi Kamukuywa, ukinunua mandazi stendi unashuka nayo yangali na joto. Nikamwambia hapana, mgonjwa anastahili kitu cha kisasa. Hadithi ya fahali bila mikono yangu ni nusu hadithi, na mikono yangu mama hajawahi kuiona. Mpango ni huu: simu ya video. Nitaonyesha mikono tu! Mikono si uso. Hakuna mzee yeyote aliyewahi kukataza mikono.

Hamdun akauliza simu itashikwa na nani ikiwa mikono ina kazi. Maswali ya mtu wa mahamri. Nina raba ya tyubu ya baiskeli.

Jumatano, 14 Agosti

Aibu! Aibu, aibu.

Simu nilikuwa nimeifunga kwenye rafu kwa ile raba, inatazama meza. Kule Nasambu ameshika yake mbele ya mama, jikoni, ambako wamemlaza kwa ajili ya joto. Nikaanza. Mikono ikawa mto, ikawa mkia, ikawa maji yakinifika kidevuni. Nikasikia mwiko: ko! Nikapata moto, bana. Nikafika kwenye pembe za fahali. Pembe kubwa hizo, si za kuonyesha kwa viganja. Nikazitanua. Kiwiko kikapiga rafu, simu ikageuka. Uso wangu mzima, na kofia ya sufu juu. Nikainama kuikamata, macho yakaangukia kwenye kioo cha simu.

Niliona. Kidogo tu, kisha blanketi likapanda likamfunika kichwa. Siandiki nilichoona.

Rahab, shangazi yake Nasambu, alipiga nduru ungedhani ameona chatu. Baba mkwe akaja na fimbo, akaamuru simu zote za boma zizimwe na kufukiwa kwenye debe la mahindi. Zikazimwa. Ya Nasambu pia.

Hamdun alikuwa amesimama mlangoni na chai yangu, ameona yote. Sikumpa nafasi. Nikamwambia kosa ni la raba, siku hizi tyubu ni za kuigiza. Akasema amenielewa, hata yule nahodha hulaumu nyaya.

Alhamisi, 15 Agosti

Nasambu amepiga kwa simu ya muuza nyanya, sokoni Kamukuywa. Mama hana hasira. Amesema, kwa sauti ndogo sana, mkwe wangu aje asimame nyuma ya jiko kama siku zote, amalizie fahali. Kisha Nasambu akaniambia, Baba Joy, usichelewe. Tangu tuzae Joy ndivyo anavyoniita, lakini hajawahi kuniambia nisichelewe bila kunitukana kwanza.

Nitaenda. Ila nyuma ya jiko siwezi, baada ya jana. Nitasimama nje ya ua, kando ya barabara kabisa, heshima itimie. Sasa sauti itafikaje? Spika! Ninayo moja kubwa, ya kanisa lililogawanyika, kila upande ulikataa kuichukua. Nimekaa nayo tangu asubuhi nachomea nyaya. Koni moja, ile karatasi inayotoa sauti, ilikuwa imetafunwa na panya, nimeiziba kwa karatasi ya unga.

Mchana Hamdun akaja, akaweka ufunguo wa pikipiki yake mezani. Nikamwambia spika hii haipandi pikipiki. Akasema anajua, ndiyo maana ameleta pikipiki. Nikamrudishia. Watu wengine hawaelewi vifaa.

Wakati nafunga kibanda, mwisho wa hadithi ukanijia. Mzuri! Nilicheka peke yangu barabarani, muuza mahindi ya kuchoma akanisogezea kiti akidhani naumwa. Siuandiki leo, nisije nikaumaliza utamu.

Ijumaa, 16 Agosti

Naandikia kwenye benchi la duka, sokoni Kamukuywa. Mkono unanuka mafuta ya jenereta.

Nilifika kabla ya saa sita. Nikasimamisha spika nje ya ua, nikavuta waya hadi kwenye soketi ya nyumba kubwa. Baba mkwe alinitazama tu. Nikasema kwenye maikrofoni: moja, mbili. Kuku wote wakakimbia. Nikasema: mama, ni mimi, tulikuwa tumefika kwenye maji. Kutoka jikoni mwiko ukajibu: ko.

Stima ikapotea.

Hivyo tu! Umeme wa mji mzima. Nikagonga maikrofoni, nikakagua waya, nikapuliza soketi. Kimya. Halafu, kutoka ndani ya jiko: ko. Niliusikia vizuri kabisa, hata bila spika. Nikasema moyoni ngoja mama, inarudi sasa hivi. Baada ya kitambo: ko. Hafifu kidogo.

Nasambu akatoka mbio, leso mkononi. Akasema, si uongee tu, Baba Joy, ukuta ni udongo, anakusikia hata ukikohoa. Nikamwambia hadithi hii haiwezi kutolewa kienyeji, na mimi nimekuja na spika watu wote wakiona. Akasema njoo basi nyuma ya jiko, kiti chako kipo, nimekiweka mwenyewe. Nikaona kile kiti. Kweli kilikuwepo, kimefutwa vumbi. Nikamwambia nakuja, acha kwanza nitafute jenereta.

Mwenye jenereta ni yule wa kinu cha unga, kule mwisho wa soko. Alikuwa amelifungia. Nikangoja mwenye ufunguo. Tukalibeba watu wawili, mimi na yeye, mafuta yakimwagika kwenye suruali yangu nzuri. Tulipofika karibu na mti wa mparachichi wa jirani tukasikia vilio vya wanawake.

Mwenzangu akaweka upande wake chini, akavua kofia. Mimi niliendelea kushika wangu. Sijui kwa nini. Nilisimama pale na nusu ya jenereta.

Jumamosi, 24 Agosti

Tumemzika.

Sisi wakwe tuliwekewa viti mwisho wa hema. Wengine walipanga mstari kumwona mara ya mwisho. Mstari ulipotufikia, Rahab alinyoosha mkono, akatupitisha kando. Kwetu mkwe haendi pale. Sawa. Ni heshima. Karatasi ya mazishi ina picha yake mbele. Nimeikunja, picha ikawa ndani, nimeiweka mfukoni mwa koti.

Hakuna aliyenilaumu. Nilikuwa nimejiandaa na majibu kuhusu stima, hata jina la mtaa ambako nguzo ilianguka. Hakuna aliyeuliza. Baba mkwe alinishika mkono, akaniuliza kama nimekula. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilienda nyuma ya jiko, nikakuta kiti kingali pale, kina maji ya mvua. Nikakalia maji yale.

Niandike sasa nilichoona ile Jumatano kwenye simu. Wote walidhani mama ameshtuka. Hakushtuka. Alikuwa anacheka. Mdomo wazi, bila leso, pengo moja mbele. Na mwiko ameuinua juu kama mtoto. Kumbe ndivyo alivyokuwa anacheka miaka yote ile.

Na mwisho wa hadithi ni huu. Baada ya kumtafuta Uganda kote, baada ya kuulizia kwa polisi na kwa waganga na kwa mvuvi mmoja aliyekuwa kiziwi, narudi nyumbani nimelowa, nimeshika mkia tu. Na ninamkuta fahali zizini. Amerudi mwenyewe. Aligeuka tu akarudi na njia aliyokuja nayo. Anakula nyasi, ananitazama, hana mkia.

Pale kwenye mkia angegonga mara mbili. Najua.

Jumanne, 27 Agosti

Kitale. Nimefungua kibanda. Redio nne zinanisubiri, zote za mazishi, watu wanataka matangazo ya vifo yasikike.

Nasambu amebaki kwao siku chache. Simu zimetolewa kwenye debe. Anasema baba yake kila jioni anaenda kukalia kile kiti changu nyuma ya jiko, anatazama ukuta. Jana alimuuliza, yule fahali alirudi? Kumbe mzee naye alikuwa anasikiliza, kutoka upande wa zizi! Nasambu anasema nije nikae naye tu. Mzee hana ukuta wala mwiko, naweza kukaa karibu naye na kumweleza kwa mdomo.

Nikamwambia nakuja, ila safari hii nakuja nimejipanga. Maana nimejifunza. Nimekaa nikafikiri sana juu ya ile Ijumaa na nimeona kosa lilikuwa wapi: stima! Mtu na akili zake hawezi kutegemea stima ya Kamukuywa. Safari hii natumia betri. Betri ya lori, mbili, na spika nyingine ndogo ya upande wa zizi, kwa vile mzee anapenda kusikia kutoka kule. Hakuna aliyewahi kufanya kitu kama hiki mkoa mzima.

Jioni kwa Hamdun. Nahodha yule yule! Safari hii mwenzake ameumia, yuko chumba cha pili, anamwita kwa mdomo, tunamsikia hata sisi. Na nahodha amepiga magoti sakafuni anaunganisha nyaya za mashine mpya. Nikasimama. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika: mlango una kitasa, wewe mjinga, ingia! Ingia tu! Machozi yalinitoka, moshi wa jiko la Hamdun ni mbaya.

Leo Hamdun hakunipinga. Alizima TV kabla haijaisha, akanimiminia chai, akakaa upande wangu wa meza. Nadhani mwishowe amekubali kwamba haya mambo nayajua kumzidi.

Nasambu anapiga tena. Mara ya tatu. Ngoja kwanza, gundi ya spika haijakauka.