Moshi Unaopita Wiyoni Bila Kushuka

Kwa Bwana Jeilani,
Msimamizi wa Marufuku ya Pikipiki,
Mji wa Kale, Lamu.

Assalaam aleikum.

Bwana, mimi ndiye Bi Rawiya niliyekupigia vigelegele ulipoamuru pikipiki zote zikomee Wiyoni, ukingoni mwa mji, na abiria washuke hapo. Mume wangu Nabhan ana pumu, nikasema sasa kifua chake kitapumzika. Pikipiki zikaondoka. Kikohozi kikabaki.

Juzi akaja Bi Rael, mtaalamu wa hewa, akaweka kipimo chake darini kwetu. Alipokisoma akatikisa kichwa. "Mama, moshi mwingi hapa si wa mtaa huu. Unatoka bara wanakochoma mashamba, na mwingine mbali zaidi." Nabhan alicheka hadi akabanwa: "Moshi huo wajua ndia za mji kuliko watalii!"

Kwa hiyo nalalamika:

1. Moshi huo unapita Wiyoni bila kushuka, ilhali mimi na kapu langu la samaki hushushwa juani tukatembea.

2. Askari wako wanauona. Niliwaonyesha kwa kidole. Mmoja akanijibu kwamba hauna namba ya usajili.

3. Anayeubeba ni upepo. Naomba azuiwe gatini, aulizwe kibali, na akikosa arudishwe bara na mzigo wake.

4. Hilo likishindikana, kisiwa kisogezwe kidogo kuelekea baharini. Sisi wenyewe tumeshasogezwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

5. Wakati tunangoja, marufuku izidishwe. Pikipiki yoyote isipite, hata ya tabibu, hata yenye mgonjwa. Kwa kuwa upepo umetushinda, tuwabane wanaokamatika.

Nisalimie mkeo Bi Swafiya, watoto, na majirani zako wote, hata yule anayechoma taka ukutani kwako.

Ni mimi, ninayekuombea dua kati ya kikohozi na kikohozi,
Rawiya binti Alwi

Tanbihi: Alfajiri hii Nabhan alibanwa vibaya, midomo ikabadilika rangi. Tulimpandisha punda wa jirani, punda akagoma. Nikampigia simu Husni, mwenye pikipiki; alitoka Wiyoni mbio akamchukua hadi hospitali, akipita kila kichochoro ulichokifunga, nami nyuma nimemshikilia mgonjwa huku nikipiga kelele watu wapishe. Alhamdulillahi, anapumua, na ameshaanza kuusema vibaya uji wa wodini. Lakini askari wako wamemshika Husni. Mwachilie, Bwana, la tano nimelifuta. Na akitoka, mwambie aje atuchukue hapa hospitalini, atufikishe mlangoni kabisa.