Vitunguu Visikaangwe Mpaka Koti Langu Lifunge

Kwa Mzee wetu Mwenyekiti wa Wapangaji,
Chumba cha kwanza mkono wa kulia, karibu na bomba.

Shikamoo Mzee.

Naamini barua hii inakukuta mzima na lile goti lako limetulia. Mimi si mzima sana, nina njaa, lakini hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo nisianze kulia kabla sijaeleza.

Ni mimi Mama Bonge wa ghorofani, mlango wenye kamba ya nepi. Jina la Bonge ni la mtoto. Alipewa na wakunga siku aliyozaliwa kwa sababu ya mashavu. Lakini siku hizi mtu akiniita kutoka uwanjani, wageni wote wananigeukia mimi, wananitazama juu mpaka chini, kisha wanatikisa kichwa kana kwamba jina limempata mwenyewe.

Kama unavyojua, kabla ya kujifungua nilikuwa nafanya kazi kwenye lile duka kubwa, pale mlangoni, kaunta ya kuwekea mizigo. Mteja ananipa mfuko wake, nampa kibati chenye namba. Akitoka ananirudishia kibati, namrudishia mfuko. Ni kazi ndogo lakini naipenda, na sijawahi kumpa mtu mfuko wa mwenzake. Jumatatu natakiwa kurudi. Msimamizi wangu ameshasema kwamba anayesimama kaunta bila koti la sare huyo ni mteja, si mfanyakazi, na koti jingine hatoi. Nilipojaribu kumbembeleza akaniambia, "Dada yangu, kampuni haina koti la uzazi." Kama vifungo havitafunga Jumatatu, yule binti aliyenishikia nafasi ndiye atakayebaki nayo.

Sasa Mzee, koti halifungi. Ni lile la sufu, la kijani, kijani kilekile cha kitambaa unachotandika mezani siku za kikao. Nililivaa mwanzoni mwa mwezi nikiwa na furaha zangu, nikakuta vifungo na matundu yake vinatazamana kwa mbali kama majirani waliogombana. Mikono nayo iliishia karibu na viwiko, nikajua unene umenishika mpaka mikononi. Koti lenyewe halina kosa. Limetunzwa. Baba Bonge alilifua kwa mikono yake nilipokuwa bado nimelala na uzazi. Muuguzi alisema kila kitakachomgusa mtoto kichemshwe, naye akachemsha kila alichokiona, nepi, mashuka, koti, mpaka soksi zake za sufu, kwenye pipa la bati, akikoroga kwa ufito huku anaimba. Wanaume wangapi wanafanya hivyo? Kwa hiyo lawama ni za mwili wangu, na mwili nimeshauchukulia hatua.

Hatua zenyewe nimepewa na Mama Vipodozi, yule anayeuza poda na mafuta ya nywele pale kwenye kona. Asubuhi nakunywa maji ya moto yenye limau. Mchana nakula yai moja la kuchemsha, bila kiini. Jioni ni tango na kikombe cha maji ya kabichi. Kabichi yenyewe anakula Baba Bonge, mimi nakunywa maji iliyoogea. Kila asubuhi navaa koti, nalikuta vilevile.

Nimekaa nimetafakari, nimeona tatizo si mimi. Mimi najitahidi. Tatizo ni jumba. Naomba malalamiko yangu yasomwe kwenye kikao, na kile kitambaa cha kijani kiwe kimetandikwa, maana bila kitambaa kile watu wa hapa hawachukulii jambo kwa uzito. Malalamiko ni haya:

1. Vitunguu. Jua likianza tu kupungua, milango yote ya chini inakaanga vitunguu kwa wakati mmoja, utafikiri imepigwa kengele. Harufu inapanda ngazi, inapita chini ya mlango wangu, inakaa kitandani. Sisemi watu wasile. Naomba tu vitunguu vichemshwe kimyakimya, au vikaangwe ndani milango ikiwa imefungwa na chini pamezibwa kwa nguo, mpaka koti langu lifunge.

2. Fundi viatu. Huyu anakula mkate wake kizingitini, na hilo si kosa. Kosa ni namna anavyoula. Anaukata pole pole, anautafuna amefumba macho, halafu anaguna. Nilimwomba kwa adabu, "Kaka, si ugeuke huko?" Akanijibu, "Shemeji, mkate nimenunua mimi, macho umenunua wewe?" Naomba aamriwe kula akitazama ukuta, bila kuguna.

3. Mtoto wangu mwenyewe. Inaniuma kumshtaki, lakini haki haichagui. Watoto wa hapa uwanjani wanampa biskuti. Yeye ana meno mawili tu, kwa hiyo anailowesha mate, anaizungusha, kisha ananyoosha kamkono kake na kunitia mdomoni mimi, huku anacheka. Mzee, mama gani atamkatalia? Namlia mtoto biskuti yake ili asinune, na tango langu la siku nzima linakuwa kazi bure.

Tena kuna jambo jingine juu ya huyu mtoto, naliandika kwa sauti ya chini. Siku hizi akinyonya anaacha, anainua kichwa ananitazama kama mteja aliyepewa mfuko usio wake. Anajaribu tena, anaacha tena, analia. Pale zahanati muuguzi aliniuliza, "Unakula nini wewe?" Nikamwambia tango. "Na nini?" Nikamwambia na maji ya kabichi. Akaweka kalamu chini akanitazama. "Mama, huyo mtoto anakula kwenye sahani yako. Ukiosha sahani anakula nini?" Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Lakini nikajipa moyo kwamba muuguzi anazidisha, kwa sababu Bonge anakua haraka ajabu. Soksi za baba yake, zile za sufu, sasa zinamtosha yeye. Mtoto mwenye njaa anaweza kuwa na miguu ya baba yake?

4. Baba Bonge. Yeye ni fundi rangi, na siku nilipoanza alinishika mkono akasema, "Mke wangu, ukijinyima wewe najinyima na mimi." Nikamwombea dua. Lakini akirudi jioni anakaa mbali, anaongea na mimi ameelekeza uso dirishani.

"Umekula?"

"Sijala."

"Mbona unanukia nyama?"

"Ni rangi hiyo. Siku hizi ndivyo wanavyoitengeneza."

Naomba uongozi uweke mtu pale getini, anuse midomo ya wanaume wanaporudi kazini. Atakayenukia rangi ya aina hiyo apige mswaki bombani kabla ya kupanda ngazi.

5. Mkeo, Mama Mwenyekiti. Nisamehe Mzee, lakini nikiwaogopa wakubwa nitawaonea wadogo. Mkeo ana upendo, na upendo wake unakuja kwenye bakuli lililofunikwa. Anabisha hodi, anasema, "Mwanangu, sikuletei chakula, najua umejinyima. Hebu nionjee chumvi tu." Siku ya kwanza nilionja chumvi ya viazi, nikamwambia imekolea. Akasema huenda upande ule mwingine haikukolea. Nikaonja upande ule. Tukabaki na wasiwasi juu ya katikati. Nilionja chumvi mpaka nikaona maua yaliyochorwa chini ya bakuli. Siku ya pili akaleta maharage, ana wasiwasi uleule. Naomba umzuie kwa maandishi, au umnunulie ulimi wa kuonjea mwingine.

6. Nikijumlisha hayo yote, nimeona dawa si kumkemea mmoja mmoja. Dawa ni jumba zima lijinyime pamoja nami mpaka Jumatatu. Usicheke Mzee, fikiria kwa utulivu. Kama wote watakula tango, hakuna atakayekaanga, na asipokuwepo wa kukaanga hakuna harufu. Moshi utaisha ukutani, na Baba Bonge hatakuwa na ukuta wa kupaka rangi upya. Fundi viatu hatakuwa na cha kugunia. Foleni ya choo cha asubuhi, ambayo imeshindikana tangu enzi za mwenyekiti aliyekutangulia, itaisha yenyewe, kwa sababu watu hawatakuwa na la kupeleka. Hata paka wa stoo aingizwe kwenye mpango, maana huwa anapita mbele ya mlango wangu na kichwa cha samaki, taratibu, kwa makusudi. Wewe mwenyewe goti lako litapata nafuu kwa kubeba mzigo mdogo, nasema kwa heshima. Na siku ya Jumatatu nitashuka ngazi nimefunga vifungo vyote, jumba zima mmepanga mstari mmekonda, na historia itakuandika kuwa mwenyekiti aliyemrudisha mama mmoja kazini.

Sina zaidi. Nisalimie wote wa chini: fundi viatu hata kama ananigunia, wale watoto wa biskuti, mama wa kushona mito na mgeni wake anayekoroma. Mkeo nisalimie mara mbili, na mwambie yale maharage chumvi ilikuwa sawa.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, mwepesi wa kichwa lakini bado mzito kwingineko,

Mama Bonge.

NYONGEZA. Mzee, usiisome barua hii kwenye kikao. Nilikuwa nimeshaikunja, mkeo akaingia na bakuli la mchuzi ili nionje chumvi. Alimpakata Bonge, akamshika miguu, akauliza, "Hizi soksi za nani?" Nikamwambia kwa fahari ni za baba yake, mtoto amezifikia. Akasema, "Mwanangu, hebu vaa hilo koti nilione." Nikavaa. Akavuta mkono wa koti, akauangalia ulivyoishia huku juu, akaangalia soksi, akaangalia lile pipa la bati pale kwenye kona. Halafu akakaa sakafuni na mtoto wangu mapajani, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka. "Mwanangu! Unene unaongeza mikono urefu? Hujanenepa wewe, koti limechemshwa, sufu imesinyaa!"

Nilikaa na mimi pale chini. Nililia kidogo, nikacheka, kisha nikala ule mchuzi wote na mkate juu yake, na hilo doa kwenye malalamiko namba moja ndilo lililotoka huko. Bonge amenyonya jioni hii bila kuacha hata mara moja. Ameshiba, amelala kifuani kwangu mdomo wazi, naandika kwa mkono mmoja. Muuguzi hakuzidisha. Nitakwenda mwenyewe kumwambia.

Kwa hiyo namba zote sita nazifuta. Vitunguu vikaangwe, na milango iwe wazi. Paka aachwe na samaki wake. Getini asiwekwe mtu. Juu ya Baba Bonge nakuomba siri: asiambiwe sasa. Alifua kwa mapenzi, na ameanza leo kumfundisha mtoto wimbo uleule wa pipani. Nitamwambia mwenyewe taratibu, Jumatatu ikishapita.

Fundi viatu amelikagua koti, anasema atalipanua ubavuni na kuirefusha mikono, na kwa sindano yake ya ngozi halitaachia mpaka nizae wengine wanne. Masharti yake ni kwamba arudishiwe haki ya kula mkate akitazama barabara, na kuguna. Nimekubali kwa niaba yako.

Limebaki jambo moja tu, ndilo ombi langu jipya kwa ofisi yako. Kinatakiwa kitambaa cha kijani kinachofanana na koti, na tumetafuta jumba zima, kinachofanana ni kimoja tu, unakijua. Naomba kwa unyenyekevu ruhusa yako ya kukikata.

Mkeo ameshakikata.