Mbuzi Mmoja kwa Neno Moja

Kasongo, siku ya Ijumaa

Kwa Mama Élysée Kahindo,
Msimamizi wa Maktaba ya Watu Wote, hapa Kasongo

Yahusu: mlango, sauti, na mbuzi wangu

Kopi kwa taarifa: Kamati ya Maktaba, Bwana Paroko, Mjomba Atumani (akiwa macho)

Mama Msimamizi,

Nakusalimu kwa heshima anayostahili mama anayetunza vitabu katika mji ambao karatasi nyingi huishia kufungia karanga. Natumaini mvua ya juzi haikupita tena kwenye bati la upande wa kamusi. Mimi ni Emile Assumani, mwalimu wa darasa la pili, baba wa watoto sita, msomaji wako tangu siku ulipofungua. Siku ile nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Ningejua yatakayonipata, ningeacha mikono mfukoni.

Sina ugomvi na kazi ya maktaba. Naona inavyotumika. Wanafunzi wa Examen d'État, ule mtihani wa kumaliza sekondari, wanakariri humo kwa sababu kwao kuna kelele. Wamama wa soko wanaingia kupumzisha miguu na kutazama picha. Mjomba Atumani, kaka wa mama mkwe wangu, analeta simu yake kwenye chaji ya jua, analaza kichwa mezani, na anaamka simu ikijaa. Na mimi nimekuwa nikija kila alasiri kutayarisha masomo, maana nyumbani kwangu hata chaki haipati pa kukaa. Tuliishi hivyo kwa amani mpaka mama mkwe wangu, Mama Léocadie, alipojiandikisha kwenye darasa lako la kusoma la watu wazima.

Wewe umetokea Butembo, sijui kwenu mambo yakoje. Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye chumba kimoja, wala hamsemeshi. Akimwona njiani anaingia majanini. Nikiwa na neno kwake namwambia mke wangu Francine, na Francine anamfikishia mama yake. Kwa miaka yote ya ndoa mimi na mama mkwe tumepatana vizuri kabisa, kwa sababu hatujawahi kusemezana. Heshima si utumwa. Basi sikiliza maktaba yako imenifanya nini.

1. Maktaba ina mlango mmoja. Hata panya, Mama, huchimba miwili. Sokoni nikimwona mama mkwe kwenye dagaa nachepukia kwenye chumvi, na heshima inabaki mahali pake. Kanisa lina milango mitatu. Kwako anayeingia na anayetoka wanakutana pua kwa pua. Aliyechora nyumba hii hakuwa ameoa.

2. Mama mkwe amejichagulia kiti cha karibu na mlango, eti kuna mwanga. Akifika mimi nikiwa ndani, kwisha habari yangu. Najitupa nyuma ya rafu ya jiografia, iliyo pana kuliko zote, na nachuchumaa hapo mpaka aondoke. Miguu inakufa ganzi. Nimesoma milima yote ya Asia bila kuipenda. Siku moja nilijaribu kutokea dirishani, suruali ikanaswa na komeo, na wanafunzi wangu waliokuwa wakipita wakanisalimia kwa adabu zote. Niliwaitikia nikiwa nusu ndani, nusu nje. Kesho yake somo la hesabu halikufundishika.

3. Ukutani umeandika KIMYA kwa herufi kubwa. Mama mkwe ama hajafika kwenye herufi hizo, ama amefika na akazipita. Anasoma kwa sauti, kidole kikitangulia, silabi moja moja, kama mtu anayetwanga majani ya muhogo kwa sombe. Kitabu alichochagua ni kile kijitabu chembamba cha ufugaji wa mbuzi. Mimi huko nyuma nasikia yote. Sikusudii, lakini masikio hayana kifuniko. Leo ukiniamsha usingizini nakutajia dalili za minyoo.

4. Sasa nafika penyewe. Wiki tatu zilizopita alifika mahali panapoeleza kwamba wanambuzi wadogo wananyonyeshwa. Akaanza: wa-na-nyo. Akarudi nyuma. Wa-na-nyo-nye. Akarudi. Wa-na-nye-nyo. Loo! Mama Msimamizi, mimi nimefundisha darasa la pili tangu ujana wangu. Mtu akikwama kwenye neno, ulimi wangu unawasha. Nilijiziba mdomo kwa kiganja. Niliuma atlasi (alama za meno ziko Afrika ya Kati, naomba radhi). Akaanza tena, akakwama palepale, na mara nikasikia mtu akisema kwa sauti ya darasani, sauti ya kufika benchi la mwisho: wa-na-nyo-nye-shwa! Nilitafuta ni nani. Alikuwa mimi.

Mama mkwe hakugeuka. Alilirudia neno mara moja, sawasawa kabisa, akaendelea na ugonjwa wa kwato.

5. Lakini Mjomba Atumani aliamka. Mtu huyu hasikii radi, ila mkwe akifungua kinywa anasimama wima. Jumapili hiyohiyo akaita kikao cha familia. Nilijitetea kwamba sikusema na mama mkwe, nilisema na neno. Wakajibu kwamba neno lilikuwa kinywani mwake, kwa hiyo nimeingia kinywani mwa mama mkwe, na hilo ni baya zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikatozwa mbuzi mmoja, jike. Na unajua mbuzi walivyo adimu mwaka huu: kila mwenye mkia anafungwa juu ya pikipiki na kupelekwa Salamabila, kuliwa na wachimbaji wa dhahabu. Nilimpata kwa taabu, nikampeleka kwao Francine, nikarudi nyumbani na kamba.

6. Usidhani nalia peke yangu. Hamadi wa pikipiki alikuja kutazama mchoro wa injini, akamkuta mama mkwe wake kwenye meza ya kati. Alijificha nyuma ya gazeti la mwaka jana, alilolishika kichwa chini. Juzi nyuma ya jiografia tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa ana mafua. Siku zinakuja ambapo nyuma ya rafu kutakuwa na wasomaji wengi kuliko mbele. Zamani mji huu ulikuwa na akili: kila mtu na mahali pake, na wasiopaswa kukutana hawakukutana. Maktaba imewaweka wote chumba kimoja, mwanga mmoja, benchi moja. Mkwe akizoea kumwona mama mkwe, heshima inakufa. Heshima ikifa, ndoa zinalegea. Ndoa zikilegea, nani atalima? Barabara ya Kabambare nayo imeharibika sana. Sisemi ni maktaba iliyoiharibu, lakini sijasikia maktaba ikikana.

7. La mwisho ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu linaninyima haki ya kukasirika vizuri. Francine ameniambia kwa nini mama yake anasoma. Keshokutwa, Jumapili, ni misa ya mwaka mmoja ya marehemu baba mkwe, Tata Antoine. Mzee yule alimsomea mke wake kila kitu: barua za watoto, karatasi za dawa, sala za jioni. Tangu afe, nyumba ile haina sauti. Mama mkwe amemwambia Paroko kwamba somo la kwanza la misa atalisoma yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu wote. Na amemwambia Francine kwamba akikwama, na watu wakicheka, hatagusa kitabu tena mpaka siku ya kufa. Nyumba nzima haili vizuri. Mimi nami sili vizuri, ingawa hainihusu.

Kwa sababu hizo zote naomba, kwa unyenyekevu, yafuatayo. Kwanza, mlango wa pili utobolewe upande wa jiografia. Kama hakuna fundi, siku zigawanywe: wakwe Jumatatu na Jumatano, wamama wakwe siku nyingine, na Mjomba Atumani apewe siku ambayo hakuna jua. Kama hilo nalo gumu, naomba Kamati ikubaliane na Paroko, ndoa yangu isimamishwe kila alasiri maktaba ikifunguliwa na irudishwe ikifungwa, ili kwa saa zile nisiwe mkwe wa mtu yeyote. Francine nimemweleza. Hakukataa, alicheka sana, na nilimtengea muda wa kufikiri. Na kama yote haya yanashindikana, basi ifungwe, Mama. Kila mtu apewe kitabu kimoja, aende akajifiche nacho kwake. Mbuzi wangu nitalipwa na Kamati, kwenye fungu la vitu vilivyoharibika.

Nikiwa na imani kwamba utaisoma barua hii kwa sauti ya chini, naomba unisalimie Kamati yote, mlinzi na mbwa wake, wanafunzi wa Examen d'État ambao nawaombea wapite, mama wa karanga wa nje ya lango, na hata Mjomba Atumani, usimwamshe. Na baridi ya nyuma ya rafu unisalimie pia.

Ni mimi, msomaji wako aliyechuchumaa,

Emile Assumani
Mwalimu

N.B. Jumatatu asubuhi. Barua ilikuwa imekwisha kufungwa. Nimeifungua, samahani kwa bahasha.

Jana kanisa lilijaa hadi nje. Mimi nilikaa nyuma ya nguzo, kama desturi inavyotaka, nikiwa nimejifunga leso mdomoni kabisa, mbele ya watoto wangu, nikisingizia jino. Mama mkwe alipanda mbele na miwani ya marehemu. Akasoma. Nakuambia alisoma! Maneno marefu yaliyonitoa jasho nyuma ya nguzo aliyapita kama mtu anayepita kwake. Nikaanza kulegeza leso. Halafu, karibu na mwisho, akasimama kwenye neno dogo: nyumba. Alikuwa amekwisha kulisoma mara mbili hapo juu bila taabu. Akasema nyu, akanyamaza. Mjomba Atumani akawa macho. Paroko akainuka amsaidie, lakini mama mkwe hakumtazama Paroko. Aliinua uso, akaitazama nguzo yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, tulitazamana.

Nikavua leso, nikasema: nyumba. Kwa sauti ya kufika benchi la mwisho.

Kanisa zima liligeuka. Yeye akainamisha kichwa, akalisema neno, akamaliza somo bila kosa, akafunga kitabu, akashuka. Hakuna aliyecheka. Mimi nililia, Mama, mwalimu mzima, na leso nilikuwa nayo tayari. Kikao kilikaa palepale ngazini pa kanisa, nikatozwa mbuzi wa pili, na safari hii sikujitetea.

Kwa hiyo tafadhali futa namba ya kwanza hadi ya saba pamoja na maombi yake. Mlango mmoja unatosha. Komeo la dirisha, lililolegea siku ile, nitalitengeneza mwenyewe. Naomba kitu kimoja tu: rafu ya jiografia isisogezwe hata kidole, na kiti cha karibu na mlango asikikalie mtu mwingine.

Maana alfajiri hii nimemkuta mbuzi wangu wa kwanza, yule jike, amefungwa mlangoni kwangu, ameshiba. Nikamwuliza Francine. Amesema nyumba ni neno la kwanza alilofundishwa mama yake pale kwako, siku ya kwanza kabisa, hata gizani analijua. Na amenifikishia ujumbe wa mama yake, kama desturi inavyotaka: kitabu kinachofuata ni kinene, maneno ya kukwama ni mengi, kwa hiyo nimwache mbuzi azae kwanza.