Ombi la Kupiga Marufuku Spana Majira ya Baridi

Bemidji, Minnesota
Februari

Ndugu Mwenyekiti Gayle Hintz,
Klabu ya Pikipiki Kuukuu,

Salamu nyingi, na pole kwa theluji. Naomba kwa heshima zote klabu iwakataze wanachama wake kushika spana kuanzia theluji ya kwanza mpaka itakapoyeyuka. Najua ombi ni zito, lakini ukinisoma hadi mwisho utaona nimekuwa mpole.

1. Mimi ndiye mwanachama pekee mwenye gereji yenye jiko la kuni, na kosa langu ni hilo tu. Kila Jumamosi Duane, dereva mstaafu wa basi la shule, na Wendell, daktari wa meno, huja "kupasha mikono moto". Mwezi Novemba pikipiki yangu ilikuwa buheri wa afya. Duane akaitegea sikio, akasema, "Mzee, hii injini inakohoa. Tuifungue tuchungulie tu." Nikamwambia haikohoi. Wendell akadakia, "Mgonjwa mwenyewe huwa hajui, bwana." Kahawa yangu haijapoa, injini ikawa vipande vipande juu ya meza ninayokunjia nguo. Nataka kuiendesha Aprili, barabara zikikauka. Sina nyingine, na kwa umri wangu sina Aprili za kuchezea.

2. Wendell hukagua meno ya gia kwa kile kioo kidogo anachowaingizia watu mdomoni. Sijamuuliza kama hukiosha. Nimeshatafuta daktari mwingine.

3. Huku kwetu kila anayejifanya fundi anajua kwamba beringi mpya huingia kirahisi ikigandishwa, na kasha la injini likipashwa moto. Basi mabingwa wangu wakaweka beringi kwenye friza, katikati ya samaki niliowavua ziwani kwa kutoboa barafu, na kasha wakalitia ndani ya oveni bila kulifuta oili. Moshi ukatanda mpaka chumbani. Mke wangu Lorraine, ambaye majira ya baridi hukaa kwa dada yake Arizona, akapiga simu, nikamweleza ukweli. Akasema, "Nikirudi nikute oveni mpya, au nisikukute wewe." Tangu siku hiyo viazi ninavyooka humo vina ladha ya gia.

4. Oili. Duane na Wendell wanabishana tangu Krismasi ni oili ipi iliyo bora, na pikipiki zao wenyewe zimelala chini ya turubai bila kuguswa. Watu wazima wamenuniana kwa ajili ya oili, ila maharage yangu wanayala kwa umoja wa kupigiwa mfano.

5. Hili nalisema kwa aibu. Wakichoka hupanda fremu isiyo na injini, wakalala upande kukata kona, na kunguruma kwa midomo. Duane ana miaka sitini na tisa, na hupunguza mwendo akilikaribia kabati.

Kwa hiyo naomba spana zote zikusanywe kwako kila Novemba. Atakayekamatwa nayo afundishwe kufuma soksi mbele ya mkutano mkuu. Akirudia, pikipiki yake izikwe thelujini. Na wenye majiko ya kuni tulindwe na serikali, kama wanavyolindwa ndege adimu.

Nisalimie mumeo, wanao, na wanachama wote isipokuwa wawili.

Wako mtiifu, mwenye subira iliyokwisha,
Arvid Lundeen

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu tufani ilifunga njia ya posta. Jumamosi iliyopita walimaliza kazi. Injini iliwaka kwa teke la kwanza, na haijawahi kunguruma vizuri namna ile. Wakanawa, wakanipa mkono, wakaenda zao. Leo ni Jumamosi tena. Moto nimeuwasha tangu alfajiri na hakuna aliyekuja. Nimevumilia kimya hiki mpaka saa sita, nikashindwa. Nimeifungua kabureta mwenyewe. Ukiwaona, waambie inavuja vibaya, na peke yangu siwezi.