Ombi la Kumsajili Binti Yangu Kuwa Spishi Mpya

Kwa Profesa Pyo,
Mkuu wa Maabara ya Tope.

Mheshimiwa Profesa,

Nakuandikia kwa adabu zote, mimi Maeng Ye-seul, mchota tope wako, mama yake Da-on. Jumamosi hii Da-on anatimiza mwaka. Kwa desturi yetu atawekewa meza achague uzi, kalamu au mchele, tuone atakuwa mtu wa namna gani. Jambo hilo hufanyika mara moja tu maishani. Na Jumamosi hiyo hiyo ratiba yako inanitaka nimhamishie bakteria wetu mpya kwenye sahani safi ya kuoteshea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bakteria huyu nimejitakia mwenyewe. Wenzangu hutupa sahani siku ya saba. Mimi, Da-on alipopata homa, nilizisahau kabatini siku ishirini na sita. Niliporudi kuficha uzembe wangu, nikakuta kidoa cha manjano ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Ukaita watu: "Jamani, njooni muone subira ya mama Da-on!" Sikukusahihisha. Nilipiga makofi pamoja nao.

2. Tangu hapo analala kwenye kabati la joto, anakula kwa saa, ana jina la Kilatini lenye kijiji chetu ndani yake, na sampuli zake zimehifadhiwa katika nchi mbili kama kanuni za kusajili spishi mpya zinavyotaka. Da-on hajavuka hata daraja la wilaya.

3. Akili yangu imebaki huko kwenu. Juzi nilimfunika mtoto shuka, nikajikuta naandika tarehe kwenye kona yake kama kwenye sahani zako. Mama mkwe, ambaye amechimba kombe wa kuliwa kwenye tope hilo hilo la pwani tangu usichana, akaniangalia weee, kisha akasema, "Hebu niambie ukweli, mama Da-on. Ulizaa mtoto au ulizaa tope?" Nikamwambia, "Mama, ningoje hadi Jumamosi nikujibu."

4. Kwa hiyo naomba Da-on asajiliwe kuwa spishi mpya. Maelezo nimeyapanga kwa utaratibu wako. Umbo: duara. Rangi: waridi, nyekundu akinyimwa. Hujongea kwa kutambaa. Hustawi kwenye nyuzijoto thelathini na saba. Hutoa gesi. Kuhusu jamaa wa karibu, mama mkwe anakadiria kwamba anafanana na baba yake kwa asilimia tisini na nane; na kipimo chako ni kwamba chini ya tisini na nane nukta saba, huyo ni mwingine kabisa. Sampuli ni moja tu, haina akiba nchi ya pili. Akisajiliwa, kanuni zako zinamkataza aliyemgundua asimwache siku muhimu ya ukuaji. Na aliyemgundua ni mimi, nina shahidi mkunga.

Sitaki sifa wala cheti, Profesa. Nataka Jumamosi.

Nisalimie wote wa maabara, na mama wa nyumbani kwako, na yule wa kabatini.

Wako mwenye tope hadi magotini,
Maeng Ye-seul

N.B. Kabla sijafunga bahasha, katibu ameniambia kwamba ruhusa yangu ya Jumamosi uliisaini tangu Jumatatu, na zamu atashika Bwana Tak. Bwana Tak! Yule anayefungua sahani huku anapiga chafya? Tafadhali ifute ruhusa hiyo. Nitakuja alfajiri na Da-on mgongoni; wageni watangoja. Mama mkwe nimeshamwambia. Amesema basi nikitoka nimbebe na huyo bakteria, naye akapate keki ya mchele, maana ni mjukuu.